Diski Ihamie Kama Ilivyo

Dukani, 4 Machi

Baba yangu mdogo,

Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia. Lakini kwa kuwa kaka yangu alikupa jina la marehemu baba yetu, nimekuita baba tangu ukiwa kwenye nepi na siwezi kuacha leo. Basi shikamoo, igawane na marehemu. Huku tu wazima. Baba yako amepaka nyumba rangi upya na kujipaka na yeye. Masikio yake bado ya kijani. Mama yako goti limetulia, kwa hiyo sasa analalamikia bega. Mabata hawajambo, na Brigedia, yule dume, anakusalimia sana. Hajakusahau.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Juzi nilikuwa nachapa mkataba wa kupanga nyumba, mteja kasimama mbele yangu, kompyuta ikalia tiii, ikatoa moshi mwembamba, ikazima. Nimeipeleka kwa fundi wa pale kona. Kaifungua, kanusa, kasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua na haifai tena, ila diski nzima. Nikamshukuru Mungu. Halafu yule bwana akaniambia ninunue kompyuta mpya, yeye atanitolea mafaili kwenye diski ya zamani, anihamishie, basi. Nikamwuliza, na mfumo wenyewe? Kompyuta ikiwaka, itakuwa ile ile niliyoizoea? Akacheka. Akasema mfumo ule ni wa kizamani, hata bibi yake hautumii. Nikabeba kompyuta yangu nikaondoka nayo mgongoni mbele ya wateja wake.

Kompyuta mpya nimeshaipata. Nyembamba, nyeusi, inawaka kabla hujakaa. Siipendi. Ninachotaka ni kimoja tu: ile diski ya zamani itolewe iingizwe kwenye hii mpya, na mfumo wake, na kila kitu kama kilivyo, nisione tofauti hata ya unywele. Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo. Niambie inafanywaje. Usiniulize kwa nini.

Kazi ikiruhusu, ungekuja mwenyewe. Lakini sitaki kukusumbua.

Shangazi yako

*

Kambini, 19 Machi

Binti yangu Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, maana hapa barua huletwa na dereva wa boza la maji, na boza linavuja. Shikamoo nimeipokea, nusu ya marehemu nimemwekea. Mwambie Baba asugue masikio na mafuta ya taa. Mama mpe pole ya bega. Wifi zako, majirani, wateja, wote wasalimie. Mimi mzima. Machimbo yanaendelea, vumbi la mawe linaingia hadi kwenye meno. Kazi yangu ni kompyuta ya mizani inayopima malori, na kila asubuhi naipuliza kwa pampu ya tairi kabla haijakubali kuhesabu. Mtandao wa simu hakuna, ila juu ya kilima, na huko mlango wa kupandia ameukalia msimamizi.

Sasa nisikilize, na nazungumza kama baba yako. Fundi wa pale kona amesema kweli. Mfumo wa kompyuta huzoea mwili wake. Ule wako umekaa kwenye kompyuta ile miaka na miaka, unajua kila waya uko wapi. Ukiutia kwenye mwili mpya utakuwa kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya wenyewe: atajigonga kabatini, atatafuta mlango kwenye dirisha, mwisho atakaa chini na kukataa kuamka. Kompyuta mpya imekuja na mfumo wake, mzuri, wa haraka. Chukua mafaili yako tu: mikataba, barua za maombi ya kazi, kadi za mwaliko. Hayo ndiyo mali. Mfumo ni ganda.

Kwa hiyo rudi kwa fundi, mwombe radhi, akuhamishie mafaili. Umalize siku hiyo hiyo, uendelee na kazi.

Kuja siwezi kwa sasa. Mizani haina mwingine wa kuipuliza.

Baba yako asiye na ndevu

*

Dukani, 30 Machi

Baba,

Salamu nyingi. Masikio ya kaka sasa ni mekundu, mafuta ya taa yamemchubua, anakuambia ahsante. Mama yako bega limepona, tunangoja tuone litakalofuata. Nimeona umewasalimu wote, mpaka wateja wangu ambao hujawahi kuwaona. Mabata hukuwagusia. Haya.

Kwa fundi sirudi. Mimi nimeandika "kama kilivyo", wewe unaniandikia ganda. Nimekulea likizo zote, nikakufundisha kuchapa kwa vidole kumi wakati wenzako wanadonoa kwa kimoja, leo unanipangia lipi ganda lipi mali? Kama hujui kufanya, sema hujui, nitamwandikia mtu mwingine.

Hata hivyo sijakaa bure. Nimeifungua kompyuta ya zamani mwenyewe, kwa bisibisi ya cherehani. Nilikuta ndani vumbi la kujaza mto, pamoja na mjusi aliyekauka ambaye nafikiri alikuwa anasaidia kazi. Diski nimeitoa. Imebaki skrubu moja sijui ilikuwa ya wapi. Diski nimeivingirisha kwenye taulo na kuiweka kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, na hakuna ruhusa ya mtu kulisogelea.

Habari nyingine ya huku ni kero tu. Unamkumbuka msusi, jirani yangu wa ukuta mmoja? Amenitangazia kwamba mabata ni wake. Ati kwa kuwa siku hizi wanashinda uani kwake, anawapa mikate iliyolala, basi wamehamia. Nimemwambia bata si mpangaji. Tumefika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikalia kiti chake cha plastiki, akatusikiliza huku anajipepea na kofia, kisha akaamua: Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita mabata wataachiwa katikati ya barabara, msusi atasimama kwenye geti lake na mimi kwenye langu, kila mtu awaite. Watakakoingia ndiko kwao, na kesi imefungwa. Tumetia sahihi wote wawili.

Hilo halihusiani na kompyuta. Nimelitaja tu kwa kuwa ni habari.

Nitumie maelekezo upesi. Upesi kabisa.

Shangazi yako

*

Kambini, 14 Aprili

Binti yangu mkaidi,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, jinsi ilivyonikaripia. Nyumbani wote wasalimie. Pole na kero za majirani.

Haya, nimeshindwa. Nitakupa maelekezo, lakini kwanza niambie ukweli. Humo kwenye diski kuna nini? Nimekaa nikifikiri mpaka dereva wa boza akaniuliza kama nimefiwa. Mafaili hutaki, unataka mfumo. Mtu hang'ang'anii mfumo wa kizamani bila sababu. Kama kuna mchumba anakuandikia humo, sema. Mjomba, mumeo, amefariki zamani, hakuna atakayekulaumu. Mimi kama baba ndiye nitakayepokea posa, nahitaji kujiandaa.

Sasa kazi. Chomoa waya wa umeme wa kompyuta mpya ukutani. Fungua ubavu wake. Kabla hujagusa chochote ndani, shika chuma. Hili ulizingatie sana: mwili wa mtu una umeme mdogo, ukigusa vitu vya ndani unaviua bila kelele. Kwa hiyo shika chuma. Chomoa diski ya kompyuta mpya, iweke pembeni, chomeka yako kwenye waya zile zile. Funga.

Ukiiwasha sasa itakataa. Usilie. Iwashe tena huku unabonyeza kitufe cha kufuta, bonyeza bonyeza bila kuchoka, mpaka upate ukurasa wa mipangilio. Tafuta mstari unaouliza iwake kwa mtindo mpya au wa zamani. Uipe wa zamani, hifadhi, toka. Hapo mfumo wako utaanza kuamka. Ukiona kioo kimegeuka bluu tupu na maandishi meupe, ndio huko kujigonga kabatini nilikokuambia. Zima, washa, na ikikuuliza, chagua iwake katika hali ya usalama. Iache izoee. Itazimika na kuwaka mara nyingi. Iache tu, ukanywe chai.

Kama ingekuwa kabla kompyuta ya zamani haijaungua, tungeuandaa mfumo kwanza, tukausahaulisha mwili wake wa zamani kabla ya safari. Sasa hivi tunauhamisha usingizini. Ikifa, usiseme sikukuonya.

Baba yako

*

Dukani, 2 Mei

Baba,

Salamu za nyumbani utazipata barua ijayo, leo sina pumzi.

Nimefanya. Nimefuata neno kwa neno. Uliandika nishike chuma. Nikatazama dukani: meza mbao, kiti plastiki, rafu mbao. Chuma kikubwa ninachokiamini ni geti. Kwa hiyo nikabeba meza mpaka getini, nikapanga kompyuta juu yake, nikashika geti kwa mkono wa kushoto. Hukuandika niachie lini, na mimi siwezi kumwasi baba. Kazi yote nimeifanya kwa mkono mmoja, barabarani, nimeng'ang'ania geti kama ninayekataa kufukuzwa.

Watu walisimama. Mmoja aliuliza naiuza kwa kiasi gani. Mwingine alitaka kujua kama huu ni mgomo. Mwisho msusi naye akatoka na vitana vyake kichwani. Mimi na msusi tuko kwenye kesi, hatusemeshani. Lakini skrubu ilikuwa imeangukia ndani na mkono wangu wa pili una kazi ya geti. Nikaliambia geti kwa sauti, "Laiti mtu angenishikia tochi." Msusi akaliangalia geti, akaliambia, "Mtu mwenyewe angeombwa vizuri angeshika." Nikaliambia geti, "Tafadhali." Akashika. Akaitoa na skrubu kwa kibano chake cha nywele, kwa ustadi, siwezi kumnyima haki yake. Akaliaga geti, akaenda zake.

Kisha kioo cha bluu, kama ulivyosema. Moyo ulinidondoka ukaishia kwenye viatu. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza, nikachagua usalama, nikanywa chai, nikanywa nyingine. Ikazima yenyewe, ikawaka, ikazima. Halafu, baba, ikafunguka! Picha yangu ile ile ya maua. Mafaili yale yale, mahali pale pale, hata lile lililoandikwa "usifute" ambalo sijui ni la nini. Nilipiga kigelegele wateja wakadhani nimepata mjukuu.

Nikaizima, nikaiwasha upya nisikilize.

Bubu.

Baba, imewaka bubu. Ule wimbo wake wa kuamkia, ule mfupi, haukulia. Nimechomeka spika, nimechomoa, nimezipiga makofi. Kimya. Kila kitu kimehama isipokuwa sauti. Niambie nifanyeje, na jibu lifike kabla ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Usiniulize kwa nini.

Mchumba sina. Ningekuwa naye angeshika tochi.

Shangazi yako

*

Kambini, 11 Mei

Binti yangu shujaa,

Nimeisomea kambi nzima barua yako. Wachimbaji wamekupigia makofi, na mpishi anauliza kama unaweza kuja kutengeneza friji. Mafundi wenye vyeti wanashindwa kazi uliyoifanya kwa mkono mmoja. Najivunia wewe kama baba.

Suala la sauti lisikuumize kichwa. Kompyuta mpya ina kifaa chake cha sauti, na mfumo wako wa zamani haujawahi kukutana nacho, kwa hiyo haukijui. Inatakiwa programu ndogo ya kuwatambulisha. Siyo kazi, nitaipakua nikienda mjini mwezi wa saba, nitakutumia kwenye fleshi. Na kwani duka la kuchapa linahitaji sauti ya nini? Karatasi hazisikii. Kaa kwa utulivu, furahia kimya.

Wote wasalimie. Kuja bado siwezi. Mizani imeanza kupima lori tupu na kusema limejaa.

Baba yako

*

Dukani, 20 Mei

We baba wewe,

Mwezi wa saba! Basi ngoja nikuambie, maana maji yamenifika shingoni na aibu haina nafasi tena.

Ni mabata.

Kila asubuhi, tangu walipoanguliwa, kitu cha kwanza ninachofanya nikifungua duka ni kuwasha kompyuta. Spika nimeziweka dirishani, zinatazama nje. Ule wimbo wa kuamkia ukilia, mabata wote wanakuja mbio, Brigedia mbele, kwa sababu wanajua baada ya hapo ni pumba. Popote walipo, hata wawe bondeni, wakisikia ule wimbo wanakuja. Sijawahi kuwa na njia nyingine ya kuwaita. Kompyuta ilipoungua, asubuhi ya kwanza hawakuja. Ya pili wakaenda kwa msusi. Nimewaita kwa sauti tamu, "njooni wanangu, njooni vipenzi", ile sauti ya kukaribishia wakwe. Wananitazama kama nimekuja kukagua leseni. Kompyuta mpya ina mlio wake, unasema "ting", mabata hata shingo hawageuzi.

Sasa umeelewa kwa nini sikutaka mafaili? Mikataba ya watu ninaweza kuichapa upya. Jumamosi ile wakiingia kwa msusi ndio wamekwenda, na sahihi yangu ipo. Unajua nyumba hii ilivyo kimya tangu mjomba wako afariki. Asubuhi wale ndio wanaonigombania, wananikanyaga miguu, wananipigia kelele. Nikibaki bila wao nitakuwa naamka kwa ajili ya nani? Usicheke. Au cheka umalize, kisha utume hiyo programu.

Sikukuambia kwa sababu najua wewe na mabata. Hujawahi kuwataja kwenye barua hata moja. Unadhani sijui kwa nini huji? Ni ile siku ya kukuaga, Brigedia alipokushika suruali kwa nyuma mbele ya yule binti wa duka la dawa, ukakimbia mpaka ukapanda juu ya gari la mkaa. Mizani, mizani! Mizani gani isiyompa mtu likizo?

Shangazi yako, na leo si binti wa mtu

*

Kambini, 28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo shikamoo ya kweli, kutoka kwangu kuja kwako.

Nilicheka. Siwezi kudanganya, nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikafika pale ulipoandika unaamka kwa ajili ya nani, na kicheko kikaishia hapo.

Nimempa msimamizi sigara zangu zote za kubadilishana, akaniruhusu kilimani. Nimeipakua programu, iko kwenye fleshi. Barua hii inatangulia na mkaguzi wa machimbo anayeondoka leo, fleshi ameogopa kuibeba. Boza limevunjika ekseli, kwa hiyo fleshi nampa dereva wa lori la kokoto, anayesema anapita njia ya kwenu ingawa hasemi lini. Ukiipata, ichomeke, bonyeza jina la kwanza, kubali kila kitu.

Kama haitafika kabla ya Jumamosi, uige wimbo kwa mdomo. Naukumbuka. Unaanza chini, taa, unapanda, ta-ta, halafu taaaa ya kutelemka kama mtu anayekaa kwenye kochi. Nimeufanyia mazoezi mbele ya mpishi na amesema unafanana.

Kuhusu suruali, sina la kusema.

Mpwa wako

*

Dukani, 9 Juni

Baba,

Kaa chini kwanza.

Fleshi haikufika. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje, na kaka yangu amesimama mstari wa mbele kama shabiki wa mpira. Mwenyekiti aliweka kiti cha plastiki katikati ya barabara. Mabata wakafunguliwa kutoka kwenye kreti. Mimi nilikuwa getini na ile meza, kompyuta juu yake, spika zimeelekezwa barabarani, nikiomba itokee bahati tu ilie. Msusi kasimama kwenye geti lake na debe la mikate. Kavaa vizuri, kasuka upya.

Mwenyekiti akapiga filimbi. Nikaanza na wimbo wa mdomo, kama ulivyonielekeza. Taa, ta-ta, taaaa. Watu wakatazama pembeni kwa heshima. Mabata wakanihurumia, nakwambia niliiona huruma machoni mwao. Nikajaribu sauti tamu, "njooni vipenzi vyangu." Hakuna. Msusi akatikisa debe mara moja tu, na wote wakageuka, wakaanza kwenda kwake kwa mstari. Brigedia mbele. Akafika kwenye geti la msusi, akainua mguu mmoja kuvuka kizingiti. Mguu mmoja, baba, ulikuwa ndani.

Nikaikimbilia kompyuta. Nikabonyeza kitufe. Ikaandika "tafadhali subiri" na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikasubiri. Kikazunguka. Hapo nikasahau watu, nikasahau mwenyekiti, nikasahau kwamba baba yako anasikia. Nikaipiga ile kompyuta kofi la ubavuni nikaikaripia kwa sauti yangu yote: "Wewe! Utalala mpaka lini? Watu wanakungoja! Amka upesi, mzembe mkubwa wewe!"

Nikasikia kelele nyuma yangu. Nilipogeuka nilikuta barabara imejaa mbawa. Walikuwa wanakuja mbio, wanaangukiana, wanapita chini ya kiti cha mwenyekiti, na yeye miguu juu. Brigedia aliacha ule mguu wake kwa msusi nusura aanguke. Wote wameingia getini kwangu, wakanikanyaga, wakaanza kupiga kelele wanataka pumba.

Ndipo akili ikanijia. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa nzito kuamka, na kila asubuhi, wimbo ukishalia, nilikuwa naisimamia naikaripia hivyo hivyo, mpaka iwake. Miaka yote. Nimekuwa nafanya hivyo bila kujisikia. Hii mpya inawaka upesi, mpaka Jumamosi ile sikuwa nimepata sababu ya kuikaripia hata siku moja. Mabata hawakuwa na habari na wimbo, baba. Walikuwa wananifuata mimi. Nilipowaita kwa adabu hawakunijua, maana sauti ile si yangu.

Nililia pale pale, mbele ya mtaa. Mwenyekiti akatangaza kesi imefungwa huku anaondoa manyoya kwenye kofia. Msusi akaja mpaka getini kwangu, na safari hii hakuliambia geti, aliniambia mimi. Akasema, "Jirani, kwa sauti ile hata mimi nusura nije." Nikamwambia aje kweli, kesho asubuhi, na mikate yake, tuwalishe pamoja. Amekuja kila siku tangu siku hiyo. Anaongea sana, lakini anajua kazi yake.

Fleshi imefika jana, ina vumbi la kokoto. Sijaichomeka. Kompyuta inachapa vizuri bila kusema kitu, nami nasema kwa niaba yake. Nakushukuru sana kwa sigara ulizotoa.

Sasa sikiliza. Nimekaa nikazisoma upya nakala za barua zangu kwako, maana mimi huandika kwanza daftarini ndipo ninakili. Nimeona upuuzi wangu. "Kazi ikiruhusu." "Sitaki kukusumbua." Kukuita nimekuita kwa ile sauti ya kukaribishia wakwe, halafu nashangaa huji. Nimekukumbuka, mwanangu. Mama yako amekukumbuka, hizo safari za goti kwenda bega ni wewe tu. Basi leo nakuita kwa sauti yangu:

Wewe! Utakaa huko mpaka lini? Watu wanakungoja! Njoo nyumbani upesi, mzembe mkubwa wewe!

Shangazi yako